Mshenga wa Magari na Trans Am ya Godeliva

Atakayepiga teke tairi la gari mbele yangu na arudi alikotoka. Nilisema hivyo enzi zile, na hata sasa nimestaafu, magoti yamekwisha na daktari kanikataza kulala chini ya magari, bado nasema. Tairi ukilipiga teke halikwambii kitu. Inama ulitazame limelika upande gani. Likiwa limelika upande wa ndani tu, jua miguu ya mbele ya gari imekaa vibaya, na mwenye gari ama hajui ama anajua na hakwambii. Lakini kuinama hamtaki. Mnataka kupiga teke ili wenzenu waone mnajua magari.

Haya nawaandikia ninyi vijana wa mitaa ya Stockholm, wa Tensta, Husby na Farsta, ninaowasalimu kwa Kiswahili mkanijibu kwa Kiswidi. Someni polepole, hakuna anayewafukuza. Neno likiwashinda muulizeni mama.

Kazi yangu ilikuwa mabasi. Nilitoka Morogoro nikiwa kijana, nikaletwa Stockholm kwa mafunzo ya ufundi, nikitakiwa nimalize nirudi. Nikamaliza, nisirudi. Maisha yangu yote ya kazi nimefungua breki za mabasi ya mji huu, na wengi kati yenu mlikwenda shule mkiwa juu ya breki nilizofunga mimi. Hamkunishukuru, na sikungoja shukrani. Ila watu wetu hawakunijua kwa mabasi. Mwisho wa wiki nilikuwa mshenga wa magari. Jina hilo walinipa Watanzania wenzangu kwa utani, likashika mpaka kwa Warundi, Wakongo na Waganda, na mimi nikaliitikia.

Jina lilikuwa na maana yake. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, mtu wetu akitaka kununua gari la mtumba hakwenda peke yake. Alikwenda na ujumbe, kama watu wanaokwenda kuposa. Kulikuwa na mjomba, jirani, msemaji mwenye heshima zake, na mimi wa kukagua. Mnunuzi mwenyewe alikaa kiti cha nyuma kama bibi harusi, kimya, na amri aliyopewa ilikuwa moja: hata ukilipenda vipi, usionyeshe. Msemaji ndiye aliyezungumza. Alianza na habari za nyumbani, akaja hali ya hewa, akaja ukoo wa mnunuzi na tabia zake njema, na bei ikatajwa mwishoni kabisa, tena kwa kuizunguka.

Msemaji mashuhuri kuliko wote alikuwa Aniseti, Mrundi wa Husby, mzee wa kanisa na dereva wa teksi, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Siku moja tulikwenda naye kwa Mswidi mmoja aliyetangaza gari dogo la familia. Tulikuwa kundi zima, wengine wametoka ibadani na suti zao. Mswidi akafungua mlango. Aniseti akavua kofia akamwambia kwa Kiswidi safi kwamba tumesikia ndani ya nyumba hii mna kitu chema, nasi tumekuja kwa heshima kuzungumza juu yake. Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, akasema ahsanteni sana, lakini mimi siamini Mungu. Akafunga mlango. Tulipogonga tena kumweleza kwamba shida yetu ni gari, hakufungua.

Nilicheka mpaka kituo cha basi, Aniseti hakucheka. Mswidi anauza kwa namna yake, vijana. Fika saa uliyosema. Kagua, hatakusumbua. Ukitaka akupunguzie, mpe sababu anayoweza kuiona kwa macho, maana hadithi za ukoo wako hazimhusu.

Sasa Godeliva. Huyu alikuwa dada yake Aniseti, mjane, watoto wake wamekwisha kukua na kuhama. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, huko Husby na Kista, akizunguka kwa baiskeli mvua na theluji, huyu amwogeshe, yule ampe dawa, mwingine amkate kucha. Alikuja kwangu Tensta Jumamosi moja mwanzo wa masika, theluji imeyeyuka na changarawe zinazomwagwa wakati wa barafu watu wasiteleze bado zimetapakaa barabarani. Nikamkaribisha chai.

"Mzee Rajabu, nataka gari," akasema.

"La kwendea kazini?"

"Kazini nina baiskeli. Mi nataka Trans Am."

Nikaweka kikombe chini. Kwa msioijua, Trans Am ni gari la Kimarekani la milango miwili, pua ndefu, limeinama karibu na ardhi, injini ya silinda nane inayonguruma hata ikiwa imesimama. Alilotaka yeye ni la miaka ya tisini, ambalo taa zake za mbele hulala ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha. Si gari la makumbusho, wala si jipya la dukani. Waswidi walikuwa wakiyaleta kwa meli kutoka Marekani, na jioni za kiangazi ungewaona wakizunguka nayo mjini polepole, vioo wazi, muziki juu, hawaendi popote. Katika watu wetu sikuwa nimesikia hata mmoja aliyenunua gari la kwenda popote pasipo na shughuli.

"Kwa nini Trans Am?" nikamuuliza.

"Bon. Kaka yangu alinunua Mercedes. Ulimuuliza kwa nini?"

Sikumuuliza.

"Basi na mimi usiniulize. Mwaka nilifika huku, nilikuwa nasubiri basi, baridi inaniua, ile gari ikapita. Nikasema, siku moja nitakaa mule ndani. Ni hiyo tu. Kuna ingine unataka?"

Sikutaka nyingine. Niseme ukweli wangu, nilifurahi mno. Miaka yote nilikuwa nakagua magari ya kijivu ya watu walioogopa watasemwa nini wakinunua jekundu. Nikamwambia nitakwenda naye.

Kesho yake, baada ya ibada, Aniseti akagonga mlango wangu. Hakukubali chai, nikajua ana jambo.

"Mzee wetu," akasema, "dada yangu ameniambia ile mambo. Nimekuja tuongee kama wanaume. Yeye ni mjane, ni mama ya watu, anaimba kwaya. Kesho watu wamwone kwenye gari ya wahuni, inapiga kelele mtaa mzima? Watasema amechanganyikiwa. Watasema mimi kaka yake nilikuwa wapi."

"Si umwambie yeye?"

"Hanisikii. Lakini wewe, kwa mambo ya gari, anakuamini kabisa. Ukisema imeoza, ataacha. Hata usichoke kuiangalia, Mzee. Sema tu imeoza."

"Na kama haijaoza?"

"Ah, Mzee! Gari ya Amerika, umri ule, wapi haijaoza?"

Nilimfungulia mlango atoke, na sikumfungulia kwa upole. Sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Spana utanunua. Jeki utaazima kwa jirani. Lakini ile hali ya mtu kukusikia ukisema "hili zima, lile bovu," akatoa akiba yake yote au akairudisha mfukoni kwa sababu umesema wewe, hiyo huipati dukani. Mtu akija sebuleni kwako kukuomba uiuze kwa ajili ya majirani watasema nini, mfukuze. Mimi nilimfukuza mzee wa kanisa na nikalala usingizi mzuri.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Aniseti alitoka kwangu akapita kwa dada yake, akamwambia, "Nimeongea na Mzee Rajabu. Tuko pamoja: zile gari zote zimeoza."

Gari la kwanza tulilokwenda kuliona lilikuwa mashambani kaskazini ya mji, kwa Mswidi mmoja aliyeitwa Lasse. Godeliva alivaa kitenge kipya na viatu vya sherehe. Njia nzima ndani ya Volvo yangu hakuzungumza, nikadhani ana wasiwasi wa mnunuzi. Tulipofika, Lasse alikuwa ameliegesha uani juani. Lilikuwa jeusi, paa lake la vipande viwili vya kioo linalong'oka, limepigwa nta mpaka unajiona. Godeliva aliliwekea mkono ubavuni na hakuuondoa. Nilimwona.

Gari linalong'aa mno juu, usipoteze muda juu. Nilimwomba Lasse ruhusa ya kupiga jeki na kugusagusa chini kwa bisibisi, na ninyi ombeni daima, ni mali ya mtu. Akasema chomeni mtakapo. Nikaweka boksi lililofunuliwa juu ya changarawe, nikalala, nikaingia. Chini kote kulikuwa kumepakwa lami nyeusi, mbichi, inanuka bado. Mtu hapaki lami wiki moja kabla ya kuuza kwa sababu ya mapenzi. Nikagonga hapa na pale kwa mpini. Chuma kizima hulia. Hiki kilikuwa kinanyamaza. Sikuhitaji zaidi.

Nikatoka, nikajifuta, nikamwambia Godeliva kwa Kiswahili, "Limeoza."

Alinitazama kwa utulivu wa ajabu. "Nilijua utasema hivyo."

"Ulijua vipi?"

"Kaka amesema mko pamoja. Amekuambia useme imeoza, na wewe umesema imeoza. Umelala pale chini kidogo tu, umetoka na maneno ya Aniseti mdomoni."

Vijana, damu ilinipanda kichwani. Nimelala chini ya magari ya watu kwenye barafu, oili imenidondokea machoni, sijawahi kumwambia mtu uongo hata wa kumfurahisha, na leo naitwa mwongo uani kwa mtu, tena kwa kosa nililolikataa! Nilitaka kuwasha Volvo nimwache hapo atafute basi na viatu vyake vya sherehe. Nilifika hadi kushika mlango.

Kilichonizuia ni Börje. Huyu alikuwa msimamizi wangu wa kwanza gerejini, Mswidi wa maneno machache ambaye kila siku alikula mkate wenye samaki na kunuka hivyo mpaka jioni. Siku moja alinikuta nabishana na dereva juu ya breki, kila mmoja anapandisha sauti. Börje akanisogeza kando kwa kiwiko, akampa dereva tochi, akamwonyesha pa kutazama, akaenda zake kunywa kahawa. Dereva alitazama, akaacha kubishana. Nilikasirika siku ile kwa kusukumwa, lakini somo liliniingia.

Nikarudi. Nikampa Godeliva bisibisi.

"Lala," nikamwambia.

"Na hii nguo?"

"Nguo hufuliwa. Lala."

Alivua viatu, akakifunga kitenge vizuri miguuni, akalala juu ya boksi akajivuta ndani mpaka nikabaki kuona nyayo. Nikapiga magoti pembeni. "Gusa hapo kwenye boriti, nyuma ya gurudumu la mbele. Sukuma." Akasukuma. Bisibisi ikagoma, akacheka kwa hasira, "Unaona? Ngumu!" Nikamwambia asogee nyuma kidogo, asukume tena, bila nguvu, kama anachoma kiazi kuona kimeiva. Nikasikia sauti kama ya karatasi nene inapochanika. Bisibisi ilikuwa imezama mpaka kwenye mpini.

"Mungu wangu," ikasema sauti chini ya gari.

Lasse naye akaisikia. Akaja mbio, akauliza kwa Kiswidi tunafanya nini. Godeliva akamjibu kwa Kiswidi kutoka hukohuko chini, "Tunanunua gari!" akachoma mahali pengine, na pengine. Alipotoka alikuwa na vipande vyeusi vya kutu usoni na kwenye nywele. Lasse alitazama viatu vyake mwenyewe, hakututazama sisi. Kutu ile si kosa la waliolitengeneza gari. Ni chumvi inayomwagwa barabarani msimu wa baridi ili magari yasiteleze. Chumvi hula chuma kimyakimya, na mpakaji wa lami humalizia kazi kwa kukificha. Ndiyo maana Waswidi wenye akili huyafungia magari haya ndani msimu mzima, na swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: msimu wa baridi lililala wapi?

Tulikuwa tumekaribia Spånga, jirani na kwetu Tensta, alipofungua mdomo.

"Mzee, nilikutukana."

"Ulinitukana."

"Pardon."

"Nimesikia. Bado nina hasira."

"Uwe nayo," akasema. "Lakini mimi sitaki tena kuwa mtu wa kuambiwa. Kaka ananiambia, wewe unaniambia, na mi nasimama katikati sijui nani ananidanganya. Nifundishe. Nataka mkono wangu ndio uniambie."

Iliniuma kidogo kwamba neno langu halitoshi tena. Iliniuma zaidi kufikiri kwamba hata lilipotosha, yeye alibaki amesimama tu pembeni, anangoja hukumu. Nikakubali.

Tulianza kwa Volvo yangu, tukahamia kwa magari ya majirani, hadi mama mmoja wa Husby akampigia kelele akidhani anaiba magurudumu. Nilimfundisha kugusa boneti kabla hajatoa salamu: ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliwasha mapema, na gari linalowashwa mapema lina aibu ya kuamka. Nilimfundisha kufunua zulia miguuni na kunusa, maana yale mapaa ya vioo huvuja na sakafu huoza kutoka ndani wakati wewe umeshughulika na chini. Nilimfundisha kupandisha vioo vya milango yote miwili kwa pamoja, maana mota zake huchoka, na kioo kinachopanda kwa kusitasita kitakuacha na mvua mapajani. Na nilimweleza habari ya pampu ya maji. Kwenye injini ile, distributa inayogawa moto kwa plagi imekaa chini kabisa ya pampu. Pampu ikidondosha matone machache tu, yanamdondokea mwenzake, na siku moja gari linakataa kuwaka na hujui kwa nini. Aliyepanga hivyo simjui, ila ningependa kunywa naye kahawa nimuulize maswali.

Mwanafunzi alikuwa mwepesi. Mimi nagonga na kusikiliza. Yeye alibonyeza. "Ni kama mzee anayelala kitandani sana," alinieleza. "Unabonyeza mgongo, unaangalia ngozi inarudi ama hairudi. Isiporudi, chini kuna kidonda." Baada ya wiki chache alikuwa anatambua chuma kinachoanza kufa kabla bisibisi haijafika. Mimi hiyo sikuwa nayo, na nilimwomba anifundishe, nikashindwa.

Habari zikaenea. Kwenye sherehe moja ya watu wetu, ukumbi wa Tensta umejaa, Aniseti alisimama kutoa neno, na katikati ya neno akasema kuna wazee wanaotakiwa kuonya lakini wanawaingiza mama zetu kwenye uhuni. Watu wakageuka kunitazama. Mke wangu akanivuta shati nikae. Nikasimama.

"Aniseti," nikasema, "Mercedes yako niliikagua mimi. Nilikwambia nzima, ukaamini, ukainunua. Sasa unataka neno la mtu huyuhuyu liwe kweli kwako na liwe uongo kwa dada yako. Ulikuja nyumbani kwangu kuniomba hivyo, na nilikukatalia. Kama niliingiza mtu kwenye uhuni, basi na wewe unauendesha kila siku."

Akina mama wa meza ya nyuma wakaanza kupiga makofi, na mmoja akapiga vigelegele. Lakini msidhani yaliishia hapo vizuri. Kuna watu waliacha kunipigia simu kuanzia siku ile. Walitafuta mtu mwingine wa kuwakagulia, anayejua kusema wanachotaka kusikia. Sikuwafuata, na kama wapo wanaosoma haya, wajue bado siwafuati.

Mwanzo wa kiangazi Godeliva akapiga simu. Amepata gari jingine, Farsta, rangi ya zambarau iliyoiva, kwa mzee mmoja mstaafu. "Utakuja na mimi," akasema, "lakini wewe ndiye utakaa nyuma. Na hutasema kitu."

"Hata nikiona kitu?"

"Hata ukiona. Nikikosea, nimekosea mimi."

Tukachukua treni. Mzee wa Farsta alikuwa mwembamba, mpole, na gari alikuwa amelitoa nje ya gereji lilikolala tangu majani yalipoanguka. Alinipa mimi mkono kwanza. Aliniuliza mimi kama safari ilikuwa nzuri, akaanza kunieleza mimi habari za injini. Kila alichosema nilimwelekeza kwa kidole aliko Godeliva, ambaye wakati huo alikuwa ameshaweka kiganja juu ya boneti na kuitikia kwa kichwa kwamba ni baridi. Hakuvaa kitenge safari hii. Alivaa suruali ya kazi, akatandika boksi lake mwenyewe, akazama chini. Nilisikia bisibisi ikigoma, tena na tena, mbele hadi nyuma. Ilikuwa raha kusikiliza.

Akatoka, akafunua mazulia, akanusa. Akapandisha vioo, kimoja kikapanda vizuri, kingine kikajivuta kwa taabu. Akafungua boneti, akapitisha tochi. Nami nikachungulia begani kwake. Chini ya pampu ya maji palikuwa na tone. Dogo, limeng'ang'ania, rangi yake haionekani vizuri. Tochi ya Godeliva ikapita juu yake, ikaendelea. Akafunga boneti.

Sijawahi kuteseka hivyo. Niliuma ulimi kwelikweli. Gari lote zima, na anakwenda kununua ugonjwa kwa sababu nimeahidi kunyamaza! Akaniambia nipande, tunalijaribu. Nikajikunja kiti cha nyuma, ambacho kwenye Trans Am kimewekwa kwa ajili ya mifuko na si kwa ajili ya Waafrika wazima, magoti yakanigusa kidevu, mzee wa Farsta akakaa mbele, na Godeliva akaendesha. Aliendesha vizuri, bila pupa. Akili yangu haikuwa barabarani, ilikuwa kwenye lile tone. Nilijiambia tukirudi nitasema, na liwe liwalo, anitukane tena.

Tuliporudi hakuzima. Akaacha injini ingurume ikiwa imesimama mpaka ipate moto sawasawa, kisha akazima, akafungua boneti upya, akatoa karatasi nyeupe mfukoni, akaikunja, akaipitisha polepole chini ya pampu. Ilirudi na doa la maji ya rejeta. Akaifunua kwenye kiganja akamwonyesha mzee, kama anavyowaonyesha wagonjwa wake kipimajoto.

Mzee wa Farsta alikuna shingo. Akasema alikuwa ameona matone sakafuni masika hii, akadhani ni ya mashine yake ya kukatia majani. Nilimwamini. Godeliva naye alimwamini, lakini akamweleza habari ya distributa na mahali ilipokaa, akasema pampu itabadilishwa na bei ipungue kwa kiasi hicho. Mzee akafikiri, akakubali. Akatoa funguo mfukoni akanyoosha mkono. Kwangu.

Nikatia mikono yangu yote miwili mfukoni. Mzee akabaki amenyoosha, ananitazama, hajui amekosea wapi. Sikumsaidia. Ulikuwa mkono wake, augeuze mwenyewe. Na aligeuza, kwa aibu kidogo, na Godeliva akapokea funguo zake akamshukuru.

Tulivuka mji mzima paa tumeling'oa tukaliweka nyuma, mimi sasa nimekaa mbele. Hakuweka muziki. Alisema anataka kuisikia injini. Kwenye taa nyekundu karibu na Kista alianza kucheka peke yake, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Nami nilikuwa na yangu machoni.

Husby watu walikuwa nje, kiangazi hakuna anayekaa ndani. Aniseti alikuwa amesimama maegeshoni na wanaume wenzake. Mngurumo ulifika kabla yetu. Godeliva akaegesha, akazima. Aniseti akaja kwa hatua zake za mzee wa kanisa, akapita upande wa dada yake kana kwamba hakuna mtu, akasimama upande wangu.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "yaliyopita yamepita. Niambie wewe, kwa neno lako. Hii gari ni nzima?"

Wenzake walikuwa wamesogea wasikie. Na gari lilikuwa zima, vijana, nilikuwa nalijua zima mpaka boriti ya mwisho. Ningeweza kulisema, likaisha.

"Neno langu ulishalitumia," nikamwambia. "Muulize mwenye gari."

Aliwatazama wenzake. Kisha akazunguka pua ile ndefu, akafika upande wa pili, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa dada yake, akauliza. Godeliva akaanza na sakafu, akaja boriti, akaja mazulia, kioo kinachopanda kwa taabu, na pampu anayokwenda kuibadilisha kwa mkono wake. Halikuwa jibu fupi. Mara ya kwanza tangu nimjue, Aniseti alisikiliza mpaka mwisho.